Neno la Siri la Mama wa Chang'ombe

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kulinda kompyuta zisiingiliwe, huniuliza nilianzaje. Huwa nawajibu kwa kifupi: nilianza kama mwanagenzi wa serikali, Dodoma, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikilipwa posho ili nijifunze. Wanasema nilikuwa na bahati. Ni kweli nilikuwa nayo, ila bahati hiyo ilimpotezea mtu mwingine kazi yake, na swali la pili likikaribia huwa nabadilisha mazungumzo.

Nilitoka Kibakwe, kwetu milimani, na cheti cha kidato cha sita na begi ambalo zipu yake ilikuwa imekufa, nikalifunga kwa kamba ya katani. Kompyuta nilikuwa nimeiona mara moja tu, misheni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya sebuleni. Tangazo la nafasi ile sikulielewa hata nusu. Nilichoelewa ni kwamba mwanagenzi atafundishwa ulinzi wa mashine mwaka mzima, atalipwa, na akifanya vizuri ataajiriwa. Baba yangu alisikia neno ulinzi akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mlinzi? Wewe ukiona mjusi unapanda juu ya meza."

Idara yenyewe sitaitaja. Ilikuwa nyumba ndefu ya bati, yenye kompyuta kumi na nne mpya zilizoletwa na mradi, zimeunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya mikeka. Msimamizi wangu alikuwa fundi wa simu wa zamani aliyepelekwa kozi ng'ambo miezi sita, na tangu arudi ofisi nzima ilimwita Mtaalamu. Somo la kwanza alilonipa lilikuwa kupuliza vumbi ndani ya mashine kwa pampu ya baiskeli. Upepo wa Dodoma ulikuwa ukiingiza vumbi jekundu kila mahali, hata kwenye chai, na Mtaalamu alisema adui wa kwanza wa kompyuta serikalini si mwizi, ni Agosti. Nilipuliza vumbi wiki tatu. Nilianza kufikiri kwamba nimeacha shamba la maharage nikaja kufanya kazi ya ufagio.

Mama nilikutana naye siku ile ile ya kwanza. Alikuwa mpiga chapa mwandamizi, mwanamke mnene, mtaratibu, wa familia ya zamani ya mjini, kanga yake begani hata akiwa mezani. Aliniona nimesimama koridoni na begi langu la kamba, sijui niliweke wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unalala wapi leo?"

Nilisema bado sijajua. Hakuuliza kabila, hakuuliza dini, wala hakuuliza nitakaa siku ngapi. Saa tisa na nusu alichukua begi langu yeye mwenyewe, tukaenda kwake Chang'ombe, akanipa chumba kilichokuwa cha mwanawe wa kwanza. Nilikaa humo mwaka mzima na miezi kadhaa. Mimi Mkristo wa kutoka milimani nilijifunza kwake kupika wali wa nazi na kunyamaza wakati wa adhana, na yeye alijifunza kwangu kula mlenda, ingawa kila mara alilalamika kwamba unateleza kabla haujatafunwa.

Mwanawe huyo alikuwa ameondoka miaka mingi kwenda machimboni Mererani. Aliandika barua mbili, kisha kimya. Barua zote mbili zilikuja kwa sanduku la posta la ofisi, kwa sababu Mama hakuwa na sanduku lake, kama watu wengi wasivyokuwa nalo. Barua yako iliandikwa jina lako na sanduku la mwajiri wako. Kila asubuhi, kabla hajavua mkoba begani, Mama alipita masjala kuuliza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama maji yametoka. Aliniambia siku moja, tunaanua nguo, "Mimi kazi hii siing'ang'anii kwa ajili ya cheo. Mtoto anajua anwani moja tu duniani."

Nami nilijua, na kila mtu alijua, kwamba huo ulikuwa wakati wa kupunguzwa. Mashirika yalikuwa yanauzwa, viwanda vilikuwa vinafungwa, na sasa zamu ilikuwa ya maofisi. Wapiga chapa walikuwa tisa. Mashine zilipoingia, maneno yakaanza kupita koridoni kwamba watabaki wanne. Nani na nani, hakuna aliyejua, mpaka siku rasimu ya majina iliposomwa na mtu asiyestahili ndani ya kompyuta ya mkubwa mmoja, na kabla ya Ijumaa ilikuwa inajadiliwa kwenye maduka ya Chang'ombe, kati ya mafuta ya taa na sabuni ya mche.

Mtaalamu aliniita. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Leo huna vumbi. Leo wewe ni mwizi. Nataka ufungue kila mashine humu ndani bila mtu kukuambia neno lake la siri."

Aliniwekea mezani orodha ya wafanyakazi kumi na wanne, majina kamili. Nikaisoma, nikaona aibu. Miezi minne nilikuwa nakula nao chai, na sikumjua hata mmoja kwa jina lake. Ofisini kwetu mtu mwenye mtoto hakuitwa jina lake. Kumwita hivyo kungekuwa utovu wa adabu. Walikuwa Mama wa fulani na Baba wa fulani, kwa mtoto wa kwanza, hata kwenye kikao, hata kwenye simu. Ilibidi niende masjala nikaulize nani ni nani.

Na pale masjala, karani akinitajia mmoja mmoja, ndipo nilipoona. Mashine imemwambia mtu achague neno ambalo hatalisahau. Neno gani mzazi wa Dodoma hawezi kulisahau? Lile analoitwa kutwa nzima na kila mdomo. Nilirudi mezani, nikaandika jina la mtoto wa kwanza wa mtu wa kwanza kwenye orodha. Ikafunguka. Nikaandika la pili. Ikafunguka. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimefungua kumi na moja. Tatu zilinishinda: ya karani kijana asiye na mtoto, ya Mtaalamu mwenyewe, na ya mzee wa masjala, ambaye alikuwa amesahau neno lake tangu juma la kwanza na kila siku alifunguliwa na mwenzake.

Ya Mama ilikuwa ya tano. Ningependa kuandika kwamba mkono ulisita. Haukusita. Nilikuwa nacheka peke yangu, nimevimba kichwa. Mtaalamu alipoona karatasi yangu alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. "Una kipaji, binti," alisema, na mimi, ambaye hakuna aliyewahi kuniambia nina kipaji cha chochote, nilitembea siku ile kama ardhi ya Dodoma ni godoro.

Kesho yake wote waliitwa ukumbini. Mtaalamu hakumtaja mtu, ila alieleza mbinu, na ukumbi mzima ukatazamana. Kila mtu abadilishe neno lake, alisema. Kutakuwa na jaribio jingine, siku isiyotajwa. Mwizi atapewa nafasi tatu kwa kila mtu, na atatumia anachokijua juu ya mtu huyo. Atakayefunguliwa tena, jina lake litapelekwa juu. Hakusema neno kupunguzwa. Hakuhitaji. Kisha akanirudisha chumbani akanipa karatasi nitie sahihi kwamba kazi yangu sitaizungumza nje, wala nyumbani.

Nyumbani Mama alinisubiri na swali moja.

"Kumbe na mimi ulinifungua?"

"Ndiyo, mama. Nilitumwa."

Alinitazama, wala si kwa hasira. "Ungepiga hodi," alisema, akaendelea kukatakata bamia.

Neno hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Mwanamke huyu alinipa chumba, nami niliingia kwenye kitu chake kama ng'ombe aliyeona ua umebomoka.

Wiki zikapita. Jaribio halikuja, na mimi kila siku nilitaka kumuuliza kama amebadilisha, na kila siku niliona sahihi yangu kwenye ile karatasi. Wengine ofisini walikuwa wamebadilisha kwa vituko vyao. Mmoja aliweka jina la timu yake ya mpira na jezi yake ilining'inia nyuma ya kiti. Mama hakusema kitu. Jumamosi moja asubuhi tulikuwa uani tunachambua mchele, na ikanitoka.

"Mama, lile neno ulibadilisha?"

"Bado, mwanangu. Nalifikiria." Alipeta ungo, akapuliza makapi. "Wanasema lisiwe jina la mtoto. Sasa mimi niweke nini? Namba zinanisumbua, nikiziandika lazima nizitazame."

Hilo lilikuwa kweli. Mama alipiga chapa bila kutazama vidole, kasi ambayo sijawahi kuiona tena, lakini safu ya namba aliitafuta kama mtu anayetafuta miwani yake. Ningeweza kumwambia achanganye herufi ovyo. Ningemwambia atumie mstari wa dua, au jina la kijiji cha bibi yake. Kichwani mwangu kulikuwa na sahihi ile, nikataka kusema kidogo iwezekanavyo ili nisiwe nimesema.

"Weka jina ambalo hakuna mtu anakuita kwalo."

Alisimamisha ungo. Akafikiri. Kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeona kitu kizuri dukani na kugundua kwamba tayari anacho nyumbani.

"Haya," alisema. "Nimelipata."

Sikumuuliza. Nilifurahi mno kwamba nimemwokoa bila kuvunja sheria. Nilijiona mjanja.

Jaribio la pili lilikuja Jumanne, saa tatu asubuhi. Safari hii Mtaalamu alivuta kiti akakaa kando yangu na kalamu mkononi. Tulianza na shabiki wa mpira. Alifunguka kwa nafasi ya kwanza. Mwingine alikuwa ameweka jina la mtoto wake wa pili, naye akafunguka. Wengi walikuwa wamejifunza. Kila mashine ilipokataa nafasi ya tatu, nilishusha pumzi, na Mtaalamu aliweka alama ya vema, na nadhani naye alishusha ya kwake.

Tukafika kwa Mama.

"Huyu unakaa kwake," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Basi wewe kwake ndiye mwizi mbaya kuliko wote. Anza."

Niliandika jina la mwanawe wa Mererani. Ikakataa. Nilitaka kuruka. Amebadilisha! Mtaalamu akanionyesha kwa kichwa niendelee. Niliandika jina la binti yake, aliyeolewa Kongwa, ambaye kila sikukuu alituletea kuku. Ikakataa. Moyo ukatulia kabisa. Ilibaki nafasi moja na sikuwa na la kuandika. Mama alikuwa na watoto wawili tu.

"Jaribu la kwako," Mtaalamu alisema.

Nilitaka kucheka. Niliona amenipa njia ya kuipoteza nafasi ile ya mwisho. Mimi nani? Mpangaji asiyelipa, msichana wa milimani mwenye jina la ubatizo ambalo Mama lilimchukua wiki mbili kulitamka sawasawa. Nililiandika haraka, kwa furaha, kama mtu anayefunga duka jioni ya mauzo mazuri. Nikabonyeza.

Ikafunguka.

Kioo kilijaa orodha ya barua zake, safi, kila moja na tarehe yake. Nilitazama tu. Nilisoma jina langu kichwani herufi moja moja, nikitafuta niliyokosea, na hakukuwa na herufi niliyokosea. Hata ningetaka kulikosea nisingeweza. Jina langu vidole vilikuwa vimelizoea tangu darasa la kwanza. Maneno ya uani yalinirudia yote kwa mpigo. Weka jina ambalo hakuna mtu anakuita kwalo. Hakuna mtu, Dodoma nzima, aliyekuwa anamwita Mama kwa jina langu.

Mtaalamu alivua miwani.

"Pole," alisema. "Andika."

"Mzee, haiwezekani…"

"Haiwezekani nini?"

Nilikuwa nalia, na machozi yaliidondokea ile kibodi ambayo nilikuwa naipuliza vumbi kila Jumatatu. Mtaalamu hakuwa mtu mbaya. Nimekutana na wabaya baadaye, nawajua. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Nikiificha hii, nitakuwa nimekufundisha kuficha. Na wewe siku moja utakalia kiti hiki." Halafu akanisukumia kalamu. Mwandiko ulitakiwa uwe wa mwanagenzi, kwa hiyo jina la Mama nililiandika mimi, la tatu kati ya matatu, na sababu yake pembeni, na niliandika jina lake kamili, ambalo sikuwahi kulitamka hata mara moja mbele yake.

Nilirudi nyumbani nikamwambia. Sahihi ya ile karatasi nilishaitupilia mbali moyoni. Alikuwa anasonga ugali. Aliniacha nimalize.

"Kwa jina gani?"

"Langu, mama."

"Ah." Akageuza mwiko mara mbili tatu. "Si wewe uliniambia jina ambalo siitwi?"

"Niliyakosea maneno, mama. Nisamehe."

"Hukukosea. Chukua sahani."

Tukala. Sijui nilikula nini.

Barua yake ya kupunguzwa ilitoka mwezi uliofuata, pamoja na za wenzake. Wangekuwa wamempunguza hata bila mimi? Nimejiuliza hilo miaka yote hii. Walitakiwa kubaki wanne, Mama alikuwa mtu mzima, na huenda jina lake lilikuwa tayari kwenye ile rasimu iliyozagaa. Mtaalamu alinidokeza hivyo, labda kunifariji. Lakini barua niliiona kwa macho yangu, na sababu iliyoandikwa ilikuwa ya kwangu, maneno yangu yamenakiliwa neno kwa neno.

Siku yake ya mwisho alipita masjala kama kawaida, akauliza kama kawaida. Hamna. Kisha akaja mezani kwangu, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Ijumaa uwe unaniulizia sandukuni," alisema. "Akiandika, ataandika hapa."

Niliapa. Mwezi uliofuata niliajiriwa, na kazi yangu ya kwanza kama mfanyakazi kamili ilikuwa kufuta kwenye kompyuta majina ya walioondoka. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Huuliza hivyo mpaka leo, na mpaka leo hunichukua muda kujibu.

Nilihama kwa Mama, nikapanga chumba upande mwingine wa mji. Nilisema ni karibu na kazini; ukweli ni kwamba sikuweza tena kulala katika chumba kile. Lakini kila Ijumaa, baada ya kazi, nilikwenda Chang'ombe kumpa jibu. Hamna, mama. Haya, mwanangu. Tulizungumza mengine, akanipakulia, nikaenda zangu. Ofisi ilipouza taipu zake kuukuu alinunua moja, akaiweka barazani, akawa anawapigia watu barua za kuomba kazi, za kuomba viwanja, za kuomba msamaha kwa wakwe. Watu walikuja mpaka kutoka mitaa ya mbali.

Ijumaa moja nilifika na jibu lile lile. Mama alikuwa ndani, nilisikia vyombo. Taipu ilikuwa imefunikwa kanga. Juu ya mlango kulikuwa na kibao kipya, rangi bado inanuka, kimechorwa na fundi wa mtaani kwa herufi kubwa nyekundu: tunapiga chapa barua za aina zote. Juu ya maneno hayo, kwa herufi kubwa zaidi ili hata mgeni wa mtaa asipotee, liliandikwa neno MAMA, na baada yake jina langu.

Mwanamke mmoja alinipita na karatasi mkononi, akalisoma jina langu kwa sauti, akaita, na Mama akaitika kutoka ndani, mara moja, kama mtu aliyeitwa hivyo maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba hamna barua. Nilisimama pale chini ya kibao, na hodi ikanishinda.